Kipindupindu kikirudi Mandera, sindano ya kupunguza uzito iendelee?

Mei 2016, mji wa Mandera ulivamiwa na magonjwa mawili kwa mpigo. Kipindupindu kilikuwa tayari kinaangusha watu, ndipo chikungunya ikavuka mpaka kutoka Bula Hawa, upande wa Somalia. Kufikia Juni 30, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limehesabu wagonjwa 1,792 wa chikungunya katika Mandera Mashariki, na kukadiria kwamba nusu ya wahudumu wa afya wa mji nao walikuwa wameugua. Ramadhani iliingia mapema Juni, katikati ya msiba huo.

Sindano za kupunguza uzito hazikuwa sehemu ya hesabu ya wakati ule. Ozempic iliidhinishwa Marekani Desemba 2017, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Wegovy, yenye dawa ileile iitwayo semaglutaidi, ikafuata Juni 2021 kwa ajili ya unene, kisha Mounjaro ikaja 2022. Sasa dawa hizi zinajulikana Nairobi, na familia nyingi za Mandera zina ndugu Eastleigh, London au Minneapolis. Umbali wa kilomita zaidi ya 1,000 kutoka jiji kuu hauzuii kalamu ya sindano iliyotiwa kwenye mkoba wa msafiri.

Mlipuko kama ule wa 2016 ukirudi, basi, mtu aliye kwenye sindano akaanza kutapika na kuhara, ajidunge dozi ya wiki hiyo au aache? Na nani wa kumwambia?

Unene katika kaunti ya ukame

Wapo watakaoshangaa kusikia unene ukizungumzwa Mandera. Kaunti hii hutajwa kwa ukame na utapiamlo wa watoto, na bado haijasahau misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua tangu mwishoni mwa 2020. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliopita kiasi. Maisha ya mjini, yenye pasta, wali, chai ya maziwa iliyokolea sukari na kukaa dukani kutwa, hayafanani na ya kufuata ngamia malishoni. Shinikizo la damu na kisukari huja nyuma yake. Kwa hiyo anayetafuta sindano hizi si lazima awe anafuata urembo, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa siku ya ugonjwa.

Dawa haitoki siku unayoiacha

Semaglutaidi hudungwa mara moja kwa wiki kwa sababu mwili huiondoa polepole. Baada ya wiki moja, karibu nusu yake bado imo. Huchukua takriban wiki tano kwisha kabisa. Anayeugua Jumatatu na kuruka sindano ya Ijumaa hajaitoa dawa mwilini. Amekataa tu kuongeza nyingine juu yake.

Dawa hii hupunguza njaa na kuchelewesha chakula tumboni. Kichefuchefu, kutapika na kuhara ni madhara yake ya kawaida, hasa dozi inapopandishwa. Mtu akipatwa na kipindupindu juu ya hayo, anaanza akiwa na akiba ndogo: amekula kidogo, pengine amekunywa kidogo, na tumbo halitaki kupokea kitu. Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu lita moja ya maji kwa saa. Figo nazo huwa hatarini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudisha maji, na sindano ni suala la pili. Paketi ya ORS ndiyo bora. Ikikosekana, lita moja ya maji safi hutiwa vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kwa mtu ambaye tumbo lake limepunguzwa kasi na dawa, anywe kidogo kidogo bila kukoma, maana bilauri nzima kwa pumzi moja itarudi. Mwenye kisukari asiogope sukari iliyomo: ndiyo inayosaidia utumbo kufyonza chumvi na maji. Anayeharisha maji matupu asisubiri nyumbani. Apelekwe kituo cha afya huku akinyweshwa njiani.

Hatari nyingine imejificha kwenye duka la dawa. Chikungunya huuma viungo hadi mtu akashindwa kusimama, na wengi hukimbilia diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo huzibana figo ambazo zimeshakosa maji. Homa ikiwa ya dengi, ambayo nayo ilikwishaupiga mji huu mwaka 2011, zinaweza pia kuchochea kutokwa damu. Hadi vipimo vitoke, parasetamoli kwa kipimo chake ndiyo salama zaidi.

Nani aruke, nani aulize

Anayetumia sindano kwa ajili ya uzito peke yake ana uamuzi mwepesi. Akitapika au kuhara kiasi cha kushindwa kushikilia maji, asijidunge hadi apone na kula vizuri. Hatapoteza kikubwa. Katika utafiti mmoja mkubwa wa semaglutaidi, walioacha walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopunguza, lakini hilo lilichukua mwaka mzima. Wiki mbili tatu za ugonjwa hazifuti kazi ya miezi.

Mwenye kisukari ana hesabu nyingine. Ugonjwa hupandisha sukari hata kwa mtu asiyekula, kwa hiyo akiruka sindano lazima apime sukari mara kwa mara na ampate mhudumu wa afya mapema. Metfomini nayo kwa kawaida husimamishwa kwa muda mgonjwa anapokosa maji. Insulini ni kinyume chake: haiachwi kwa uamuzi wa mgonjwa, hasa kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye akiikosa anaweza kufa.

Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni yanaweza kuwa ya kongosho. Huyo aache sindano, aende hospitali, wala asiirudie bila daktari. Mjamzito haruhusiwi kuitumia, na anayepanga mimba hushauriwa kuacha semaglutaidi miezi miwili kabla.

Kurudi nako kuna utaratibu. Wegovy huanza na miligramu 0.25 na kupanda kila baada ya wiki nne hadi 2.4. Aliyekosa dozi kadhaa mfululizo akarukia alipoachia anaweza kujirudishia kutapika kulekule alikopona. Aulize kama aanze tena chini.

Ushauri ulio mbali

Yote haya ni rahisi penye daktari. Lakini baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Novemba na Desemba 2014, wahudumu wengi wa afya waliotoka sehemu nyingine za nchi waliihama Mandera. Aprili 12, 2019, madaktari wawili wa Cuba walitekwa nyara wakielekea kazini. Pengo kama hilo hujazwa na muuza dawa, jirani na ujumbe wa sauti kutoka ng'ambo.

Dawa yenyewe huwa imefika kwa njia isiyojulikana. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikishafunguliwa, Ozempic huvumilia wiki nane ikiwa joto halizidi nyuzi 30, na mchana wa Mandera hupita hapo karibu mwaka mzima. Juni 2024, WHO ilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia iliyopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa masoko hayo yenye wakaguzi wengi yalidanganywa, mnunuzi wa mpakani ana kila sababu ya kushuku. Na anayetapika baada ya kudunga kalamu ya aina hiyo hawezi hata kumweleza daktari ni nini kilichoingia mwilini.

Uamuzi wa kuacha, kwa hiyo, hufanywa kabla ya sindano ya kwanza, mtu akiwa mzima na ana akili tulivu. Aandike karatasini jina la dawa, kipimo, siku ya kudunga na dawa nyingine anazotumia, na amwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mahali ilipo. Aweke ORS. Awe na nambari ya simu ya mhudumu aliyempima. Ramadhani ikikutana na ugonjwa, akumbuke kwamba dini imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa baadaye. Na aliyeuziwa kalamu bila kupimwa, asiye na wa kumpigia simu akianza kutapika, hana haja ya kusubiri kipindupindu ili aamue. Aache sasa, akiwa bado mzima.