Lango la Umeme Nyamitanga: Nani Atalifungua Umeme Ukizimika?

Ndugu zetu wa jeshi na polisi hawana haja ya kufundishwa lango ni kitu gani. Wamesimama hapo usiku wa mvua, bunduki begani, na wanajua kwamba kambi nzima hulala salama kwa sababu ya mtu mmoja aliye langoni. Lakini siku hizi wengi wao wanajenga nyumba zao wenyewe. Ukivuka Mto Rwizi kutoka mjini Mbarara na kupanda kilima cha Nyamitanga, kuelekea kanisa kuu la Kikatoliki, utaona malango yasiyo na askari: mwenyewe hubonyeza kitufe garini, na chuma kikaondoka chenyewe.

Tumeulizwa mara nyingi ni lango la namna gani linalofaa. Jibu letu ni kwamba mwenye nyumba asianze na mota dukani, aanze na kiwanja chake. Nyamitanga ni kilima. Lango la mabawa mawili lifungukalo kuelekea ndani, ikiwa ua unapanda kutoka barabarani, litagusa ardhi kabla halijafika nusu ya safari yake. Kulifungua kuelekea nje ni kuwasukumia chuma wapita njia, jambo tusilolikubali. Basi wengi huchagua lango la kuteleza, liendalo juu ya reli kandokando ya ukuta, likisukumwa na gurudumu lenye meno. Hilo ni zuri, mradi reli ilazwe sawasawa kwa pimamaji. Reli ikiinama, siku mota itakapotengwa na lango, lango litateremka kwa uzito wake wote, wala hapana mtu wa kulizuia. Aidha, pande zote mbili za reli pawe na kizuizi cha chuma kilichochimbiwa katika saruji. Malango yasiyo na kizuizi hutoka relini yakaanguka, na bamba zito likimwangukia mtu halimwachi. Mvua nazo huteremsha matope na changarawe, na reli isiyofagiliwa huikaba mota.

Fundi aliyechomelea lango aulizwe uzito wake kwa kilo, maana mota huuzwa kwa kadiri ya uzito inaoweza kuusukuma. Nasi twapenda mno bamba nene! Mota ya kilo 600 kwa lango la kilo 600 haitadumu.

Kuhusu rimoti, za zamani hutuma alama ileile kila siku. Mwizi mwenye chombo cha kunasa mawimbi huinasa mara moja na kuirudia atakapo. Za namna mpya hubadili alama kila kitufe kinapobonyezwa. Askari ataelewa upesi: ndiyo tofauti baina ya neno la siri libadilishwalo kila zamu na lile ambalo kijiji kizima kimekwisha kulijua.

Lakini jambo linalotusumbua zaidi si mwizi. Mwaka 2010, nchini Uingereza, wasichana wawili wadogo, mmoja Manchester na mwingine Bridgend, walibanwa na malango ya umeme wakafa, katika muda wa juma moja. Mota haina macho. Macho yake ni vifaa viwili vidogo vinavyotazamana kwa mwali usioonekana, kimoja kila upande wa njia. Mwali ukikatwa, lango husimama au hurudi. Tena mota yenyewe irekebishwe ili ikigusa kitu irudi nyuma. Kanuni za Ulaya haziruhusu, mahali ambapo mtu aweza kubanwa, nguvu ipitayo nyutoni 400, yaani kiasi cha uzito wa kilo 40. Wako wauzaji watakaosema kwamba macho hayo ni anasa, yaweza kungoja mshahara wa mwezi ujao. Afadhali mota ndiyo ingoje.

Umeme nao una habari yake. Mwaka 2025 kampuni ya serikali, UEDCL, ilichukua kazi ya usambazaji kutoka UMEME; lakini jina lolote liandikwalo juu ya bili, radi ni radi. Itafutwe mota ya volti 24 yenye betri zake, iendeleayo kufanya kazi kwa muda umeme unapokatika, na kinga ya radi ifungwe kabla ya mota. Kule Nakivale, wilayani Isingiro, mahali palipo mbali na nguzo, betri hizo zaweza kujazwa kwa kibao cha jua. Hata hivyo betri huchakaa, na moto wa jikoni hauulizi kama betri zimekufa. Ndiyo sababu mota hutengenezwa na ufunguo wa kuitenga na lango ili lisukumwe kwa mkono. Tuliwahi kufika katika nyumba moja tukakuta ufunguo huo umefungiwa katika kabati la bwana, naye bwana yu kazini Mogadishu.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi salio lake, zimeni swichi kuu ya nyumba usiku. Waiteni mama wa nyumba na mtoto mkubwa, na kila mmoja alifungue lango kwa mkono, gizani. Kisha washeni umeme, wekeni kisanduku cha karatasi katika njia ya lango, mlifunge kwa rimoti na kutazama. Kisanduku kikibonyea, salio libaki mfukoni.