Lengelenge la kisigino lisikupotezee siku ya soko

Anayevuka Petite Barrière kati ya Gisenyi na Goma akiwa na beseni la nyanya kichwani hana tofauti kubwa na mkimbiaji wa marathoni. Wote wawili hutegemea nyayo. Lengelenge likitoka saa tatu asubuhi, mzigo wa saa sita utabebwa na mwingine, na nyanya hazisubiri mguu upone.

Wengi hudhani kiatu huchubua ngozi juu juu tu. Kumbe soksi yenye jasho huing'ang'ania ngozi, ilhali mfupa ulio ndani unakwenda mbele na kurudi kwa kila hatua. Ngozi huvutwa huku na huku mpaka tabaka zake zinaachana, kisha maji hujaa katikati.

Basi anza na kiatu. Kinunue jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kutembea, na mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kwa mitumba, ingiza mkono ndani upapase mishono na kisigino kabla ya kupatana bei, kwa sababu kiatu hicho kimeshafuata umbo la mguu wa mwingine. Kiatu kipya kizoeze nyumbani kwanza, si siku ya gulio. Mwaka 1960 huko Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia aliona heri akimbie peku kuliko kuvaa viatu visivyomkaa vizuri, naye akashinda marathoni ya Olimpiki. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu na akashinda tena.

Soksi za pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Za nailoni au sufu nyembamba hukauka upesi. Beba jozi ya pili, haina uzito.

Mafuta ya mgando husaidia, lakini nguvu yake huisha baada ya saa chache, hivyo yapake tena. Mimi naona plasta ya karatasi ya duka la dawa ni bora zaidi, tena bei yake ni nafuu. Watafiti wa Stanford waliijaribu kwa wakimbiaji wa mbio za siku kadhaa, na mwaka 2016 wakaripoti kuwa ilipunguza malengelenge kwa asilimia 40. Ibandike kabla ya safari, au mara tu unaposikia mahali panaanza kuwaka moto. Hapo simama, hata kama foleni ya forodha inasogea.

Lengelenge dogo lifunike, uliache. Kubwa linalouma litobolewe pembeni kwa sindano safi iliyopitishwa kwenye spiriti, maji yatoke, na ngozi ya juu isibanduliwe kwani ndiyo kinga ya kidonda. Ukiona usaha au wekundu unaosambaa, nenda zahanati. Mwenye kisukari asijitoboe kabisa. Aende hata kama hasikii maumivu, maana ugonjwa huo huweza kuua hisia za mguu.