Makinga maji ya Uluguru, nani alipie?

WAKAZI wa Msasani, Dar es Salaam, hawana mashamba milimani, lakini kila mwezi wanalipia maji yanayotoka huko. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka Mto Ruvu, na vijito vingi vinavyoulisha mto huo huanzia Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Milima hiyohiyo hutoa kabichi, karoti, njegere na ndizi zinazouzwa kwenye masoko na magenge ya jiji.

Maji na chakula hicho vinategemea mali moja isiyo na bei sokoni: udongo wa juu wa mashamba ya milimani. Ukibaki shambani, mkulima anavuna. Ukisombwa na mvua, mkulima anapoteza rutuba na jiji linapata tope.

Tatizo ni kwamba jembe la kuchimba makinga maji hushikwa na mkulima, wakati sehemu ya faida huteremka na mto hadi mjini. Nani basi abebe gharama?

Hasara isiyoonekana

Mmomonyoko hauanzi na korongo. Huanza na tabaka jembamba ambalo mkulima halioni. Udongo wa unene wa milimita moja tu kwenye ekari moja una ujazo wa mita nne hivi na uzito wa takriban tani tano. Huo ni mzigo ambao Canter haibebi kwa safari moja, na unaweza kuondoka bila shamba kuonekana limebadilika.

Udongo huo wa juu ndio wenye mboji, na ndio unaoshika mbolea aliyonunua mkulima. Ndiyo maana kwenye mteremko mkali mtu anaweza kuongeza mbolea kila mwaka na mavuno yakaendelea kushuka.

Bondeni, udongo huo unageuka gharama ya pili. Mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, na ule wa Ruvu Chini, Bagamoyo, unaohudumia Msasani na maeneo ya jirani, lita milioni 270. Tope likizidi mtoni, dawa ya kusafisha maji nayo huzidi. Aidha, ardhi iliyo wazi hainyonyi mvua vizuri: maji hukimbilia baharini wakati wa masika, na kiangazi mto hupungua. Mwishoni mwa 2022, mvua zilipochelewa na Ruvu ukashuka, jiji liliingia kwenye mgawo wa maji.

Novemba mwaka huo ulitiwa saini mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda kwenye Mto Ruvu, kwa Sh bilioni 329. Limebuniwa kuhifadhi lita bilioni 190, yaani maji ya kutosha mitambo yote miwili kwa siku 400 hivi, bila kuhesabu yanayopotea kwa jua. Lakini kila tani ya udongo inayotua ndani ya bwawa huchukua nafasi ya maji. Kuacha mashamba ya mlimani yamomonyoke ni kula mtaji wa bwawa hilo.

Amri ilishindikana

Serikali ya kikoloni iliwahi kujaribu kutatua tatizo hili kwa amri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, chini ya mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi matuta yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kufukia ule mzuri. Mkulima alitoa jasho lakini hakuona ongezeko la mavuno.

Julai 1955 upinzani ulilipuka huko Matombo. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango huo uliachwa.

Jirani zetu wa Machakos, Kenya, wana historia tofauti. Katika miaka ya 1930 wilaya hiyo ilikuwa mfano wa ardhi iliyochakaa. Hadi 1990 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, lakini mashamba mengi yalikuwa na makinga ya fanya juu. Kilichobadilika ni soko: wakulima walipata kahawa, mboga na matunda ya kuuza, na makinga yakawa na faida ya kuyalipia.

Malipo badala ya amri

Kuanzia 2006, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia mpya huko Kibungo Juu, Morogoro Vijijini. Wakulima waliochimba matuta, kupanda majani ya kuzuia maji au kupanda miti walilipwa kulingana na aina ya kazi na ukubwa wa eneo. Waliokubali kuchangia malipo kama wanunuzi wa huduma hiyo ni DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji jijini wakati huo, na Coca-Cola Kwanza, ambayo maji ni malighafi yake.

Wazo lilikuwa sahihi, lakini wanunuzi walikuwa wachache na mradi ulitegemea sana wafadhili. Biashara yenye wateja wawili ikimtegemea mfadhili ni vigumu kudumu.

Hesabu ya mkulima

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mkulima anatumia siku 40 kuchimba makinga kwenye ekari moja. Siku moja ya kibarua ikiwa Sh 5,000, amewekeza Sh 200,000. Makinga yakimwongezea magunia mawili ya mahindi kwa msimu, na kila gunia likimwachia Sh 50,000, anarudisha fedha zake baada ya misimu miwili. Lakini kama udongo wa chini umekuja juu na mavuno yakashuka kwanza, atakuwa amekata tamaa kabla ya faida kufika.

Kwa hiyo ni muhimu kufanya kazi kwa mpangilio. Kwanza, pima usawa wa mteremko kwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, yenye kamba na jiwe la kuning'inia. Kwa kifaa hicho, mistari ya makinga haitateremka na maji. Pili, unapochimba matuta ya ngazi, weka udongo wa juu pembeni, kisha urudishe juu na uchanganye na samadi. Tatu, kwenye mteremko wa wastani tumia fanya juu: mtaro wa sentimeta 60 upana na 60 kina, udongo ukitupwa upande wa juu.

Asiye na nguvu kazi aanze na mistari ya majani ya tembo. Majani hukamata udongo, na tuta hujengeka lenyewe mwaka hadi mwaka. Majani hayo pia ni malisho. Huko Mgeta, ambako mbuzi wa maziwa wamefugwa kwa miongo kadhaa, mbuzi hula majani, na samadi yake hurudi kwenye bustani za mboga.

Shilingi moja kwa ndoo tano

Kwa upande wa jiji, hesabu si ya kutisha. Mchango wa Sh 10 kwa kila lita 1,000 ni sawa na shilingi moja kwa ndoo tano za lita 20. Hata kama nusu tu ya lita milioni 466 zinazoweza kuzalishwa kwa siku ndiyo inayolipiwa, mchango huo ungeleta karibu Sh milioni 850 kwa mwaka. Kwa gharama ya mfano wetu, fedha hizo zingetosha makinga ya ekari zaidi ya 4,000 kila mwaka.

Fedha hizo zingepaswa kulipwa baada ya kazi kukaguliwa shambani, si kuishia kwenye semina. Mkulima naye angebaki na wajibu wa kutunza makinga, na kuacha mita 60 za kando ya mto ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira.

Muuza genge wa Msasani hawezi kushika jembe Kibungo Juu. Lakini kila msimu ambao makinga hayachimbwi, yeye na wateja wake wanalipa kwa njia nyingine: kwa bei ya mboga, na kwa dumu la maji siku za mgawo.