Msafiri Aliyeziona Kilwa na Mali

Mwenyezi Mungu ametuhimiza katika Qurani Tukufu tutembee katika ardhi, tutazame khabari za waliotutangulia. Katika Waislamu waliolishika agizo hilo ni Ibn Battuta wa Tangier, aliyezaliwa mwaka 1304, akatoka kwao mwaka 1325 kwa nia ya kuhiji Makka. Sisi wa Songea yatupasa kumjua khasa, kwani aliziona pande mbili za Afrika: Kilwa, pwani ambako misafara ya Ungoni ilishukia baadaye, na Mali, nchi ya jangwa na mto mkubwa.

Kilwa aliifikia kwa bahari mwaka 1331. Akamsifu Sultani Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu, akisimulia kuwa fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa siku ya Ijumaa, na Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadili nguo, akampa zile alizoombwa. Lakini hakuficha kwamba watu wa Kilwa walikuwa wakiwashambulia majirani zao wa bara na kuteka mateka.

Miaka 21 baadaye, mwezi wa Februari 1352, alitoka Sijilmasa katika Moroko pamoja na msafara wa wafanyi biashara. Kwa siku 25 walikwenda jangwani hata wakafika Taghaza, kijiji ambacho nyumba zake na msikiti wake vilijengwa kwa mapande ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Mzigo wa chumvi uliouzwa Walata kwa mithkali 8 au 10 za dhahabu, katika mji mkuu wa Mali uliuzwa kwa 20, 30, na pengine 40.

Kisha akauona mto Niger, akaudhani ni Naili. Si ajabu, kwa maana mwendo wake ni wa kigeni. Ruvuma yetu hutoka milima ya Matogoro, karibu na mji wetu, ikashika njia ya bahari ya mashariki. Niger huzaliwa katika milima ya Guinea, si mbali na bahari ya magharibi, lakini huipa bahari hiyo mgongo, ikaelekea jangwani mpaka karibu na Timbuktu, ndipo ikageuka kushuka Nigeria. Urefu wake wapata kilometa 4,180.

Huko Mali, mfalme Mansa Sulaiman alimpelekea zawadi ya ugeni. Mgeni alitazamia mavazi na fedha; akaletewa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka! Hata hivyo uchache wa zawadi haukumzuia kusema haki. Aliandika kwamba dhuluma ni haba katika nchi ile, msafiri haogopi mwizi, na mali ya mgeni aliyekufa haiguswi mpaka apatikane mwenye haki nayo. Siku ya Ijumaa asiyewahi msikitini hapati mahali. Na watoto walifungwa minyororo mpaka wahifadhi Qurani. Sisi hatutaki minyororo, bali twaitaka bidii ile.

Aliporudi Fez, Sultani wa Moroko aliamuru safari zake ziandikwe. Yeye akasimulia, Ibn Juzayy akaandika, na kitabu kikamalizika mwaka 1355. Lau asingalisimulia, au asingalipatikana mwandishi, mengi tunayoyajua leo juu ya Kilwa na Mali za zama zile yangalizikwa pamoja naye.

Watu wa Timbuktu waifahamu thamani ya maandiko. Vita vilipoushika mji wao mwaka 2012, wenye vitabu na walinzi wao waliyatia maandiko ya mkono katika masanduku, wakayapeleka Bamako kwa siri, mengine kwa gari, mengine kwa mashua mtoni. Yapata 4,000 yalichomwa au kuibwa, lakini yaliyo mengi yakaokoka.

Je, sisi tumehifadhi nini? Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu, nguo na watumwa ilipita Ungoni, baina ya Kilwa na Ziwa Nyasa. Njia hiyo iliwaliza wengi, na kwa njia hiyo hiyo Uislamu ulipanda bara. Yote mawili ni khabari zetu, la fahari na la majonzi, na yafaa yaandikwe yote mawili, kama Ibn Battuta alivyoandika.

Enyi vijana, wazee waliosimuliwa mambo haya na babu zao wanaondoka mmoja mmoja. Nendeni kwao na daftari. Waamkieni kwa adabu, waulizeni majina ya watu na ya njia, waliko zikwa masheikh wa kwanza, na nani alimfundisha nani Qurani. Nanyi wazazi, mkiwa na karatasi za kale zenye khati ya Kiarabu, msiziache zikaliwa na mchwa. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kukumbuka. Amin.