Msongo wa Kazi na Uchakavu wa Mfanyakazi: Mifano Kutoka Voi na Taita Taveta

1. Utangulizi

Mnamo Desemba 1898, ujenzi wa daraja la reli juu ya Mto Tsavo, kaskazini-magharibi ya Voi, ulisimama kwa takriban wiki tatu. Kwa miezi kadhaa simba wawili walikuwa wakiwatoa wafanyakazi hemani usiku na kuwala. Wengi wa wafanyakazi hao, waliokuwa wameletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba, hatimaye walilisimamisha gari moshi la mizigo, wakalipanda na kuondoka. Mhandisi msimamizi, J. H. Patterson, alikisimulia kisa hicho katika kitabu alichokichapisha mwaka 1907. Tangu hapo watu wamekizoea kuwa kisa cha simba na mwindaji.

Makala hii inakitazama kisa hicho upande wa wafanyakazi. Kazi haikurejea kwa sababu watu walipewa mawaidha ya ujasiri. Ilirejea baada ya simba wote wawili kuuawa mwezi huo huo, na daraja likakamilika mapema mwaka 1899. Kilichoondolewa kwanza ni chanzo cha hofu. Hofu yenyewe ikafuata.

Leo wanaofanya kazi Voi na Taita Taveta kwa jumla hawawindwi na simba wale. Hata hivyo, wauguzi, walimu, madereva wa malori, askari wa wanyamapori na wakulima wa eneo hili wanakabiliwa na mizigo ya namna nyingine. Makala inadhamiria kueleza msongo wa kazi ni nini, unavyogeuka kuwa hali nzito zaidi, na kwa nini suala hili linatuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Hoja yetu kuu ni kwamba hali hizi hutokana kwanza na jinsi kazi ilivyopangwa, na kwamba neno tunalolichagua kuziita huamua nani atakayebebeshwa lawama.

2. Msongo wa kazi

Nomino "msongo" inatokana na kitenzi "songa", chenye maana ya kubana au kukaza. Anayesonga ugali anaielewa picha hii bila kufafanuliwa. Msongo wa kazi, basi, ni ule mbano unaompata mtu pale madai ya kazi yanapozidi uwezo, muda au nyenzo alizonazo.

Msongo si ugonjwa kwa asili yake. Mtu anapokabiliwa na hatari, mwili humimina homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza na akili huwa macho. Hali hii ndiyo inayomwezesha dereva kukanyaga breki ndovu anapokatiza barabara ghafla. Mtaalamu Hans Selye, aliyefanya kazi zake nyingi mjini Montreal nchini Kanada, aliandika kuhusu mwitiko huu mwaka 1936, na akaugawa katika hatua tatu: tahadhari, ukinzani na kuishiwa nguvu. Katika hatua ya pili mtu huonekana mzima, naye hujisifu kuwa amezoea. Ukweli ni kuwa mwili wake unakopa nguvu. Hatari isipoondoka, deni hilo hulipwa katika hatua ya tatu: usingizi hupotea, kichwa huuma, shinikizo la damu huweza kupanda, na hasira huwa karibu.

3. Kutoka msongo hadi uchakavu

Mwaka 1974, Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, alieleza jambo aliloliona miongoni mwa watu waliojitolea katika kliniki ya bure. Walioanza kazi kwa ari kubwa ndio walioporomoka: walichoka, wakawa wakali, wakaacha kuwajali wale waliokuja kuwasaidia. Baadaye Christina Maslach wa California aliichunguza hali hiyo kwa kina, na mwaka 1981, pamoja na Susan Jackson, akachapisha kipimo chake.

Shirika la Afya Duniani liliifafanua hali hii upya mwaka 2019, katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022. Shirika halikuiita ugonjwa. Liliiita hali itokanayo na kazi, inayosababishwa na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haujadhibitiwa. Lilitaja dalili tatu.

Dalili ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Muuguzi hulala usiku kucha na kuamka amechoka vile vile alivyolala.

Dalili ya pili ni kujitenga na kazi moyoni, au kuidharau. Muuguzi huyo huyo, aliyekuwa akimwita kila mgonjwa kwa jina, sasa humwita kwa nambari ya kitanda. Watu husema amekuwa na roho mbaya. Huenda anaificha roho isiumizwe zaidi.

Dalili ya tatu ni kuhisi kwamba kazi yako haifai kitu. Mwalimu husahihisha, hufundisha na kuhudhuria mikutano, lakini haoni tena kuwa kuna mwanafunzi yeyote anayefaidika.

Ni muhimu kuitofautisha hali hii na sonona. Sonona ni ugonjwa, na humfuata mtu kazini, nyumbani na hata harusini. Hali tunayoizungumzia chimbuko lake ni kazi. Hata hivyo, mipaka yake si ukuta. Mtu ambaye huzuni yake haimwachi popote, au anayewaza kujidhuru, hapaswi kungojea likizo. Apelekwe kwa wahudumu wa afya mara moja.

4. Suala la istilahi

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika moja kwa moja. Neno "msongo" limekwisha kuzoeleka, lakini hali hii ya pili haijapata jina moja linalokubalika na wote. Wengine husema "uchovu wa kazi", wengine "uchovu wa kupindukia". Neno la Kiingereza lina picha ya moto uliokwisha kuni. Tukilitafsiri kwa "kuungua", msomaji atafikiria jeraha la moto.

"Uchovu" una kasoro ya aina nyingine. Uchovu ni jambo la kila siku, na dawa yake inajulikana: kulala. Anayesema "nimechoka" hujibiwa "pumzika kesho utaendelea". Kesho akishindwa kuendelea, neno linalofuata ni "mvivu". Kwa njia hiyo, upungufu wa msamiati hugeuka kuwa hukumu, na hukumu huweza kugeuka kuwa barua ya onyo.

Makala hii inapendekeza "uchakavu wa kazi", kutokana na kitenzi "chakaa". Nguo haichakai kwa uvivu wake. Huchakaa kwa kuvaliwa mfululizo, na aionaye huuliza imevaliwa kwa muda gani na imetunzwaje. Mnyambuliko "chakaza" humleta mtendaji mbele: kazi imemchakaza mtu. Pana pingamizi la haki kwamba mtu si nguo, na kwamba nguo iliyochakaa hairudi upya. Ni kweli, mfano huo unakomea hapo, kwa maana mtu huweza kupona mazingira yakibadilika. Wenye istilahi bora zaidi na waitoe. La msingi ni kwamba istilahi hiyo isimtie hatiani aliyeumizwa.

5. Vyanzo: mifano ya Taita Taveta

Mwaka 1979 Robert Karasek alionyesha kwamba msongo mbaya zaidi hautokani na wingi wa kazi peke yake. Hutokea pale madai yanapokuwa makubwa na uwezo wa mfanyakazi kuamua mambo unapokuwa mdogo. Johannes Siegrist, mwaka 1996, aliongeza suala la malipo: mtu huumia anapotoa jasho jingi na kupata ujira, heshima au usalama haba. Nadharia hizi mbili zinaeleweka vizuri tukizitazama kutoka Voi.

Tuanze na dereva wa lori. Voi ipo takriban kilomita 160 kutoka Mombasa, katika barabara kuu inayopeleka mizigo Nairobi, Uganda na mbele zaidi. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Dereva hapangi foleni ya bandarini, wala ya mpakani, wala saa ambayo mwenye mzigo anautarajia. Sheria ya Trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa ishirini na nne. Lakini saa zilizopotea kwenye foleni humdai, naye hushawishika kuzilipa usiku, kwa usingizi wake.

Pili ni wahudumu wa afya. Madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai utekelezaji wa mkataba uliotiwa saini mwaka 2013. Wauguzi nao waligoma kwa takriban miezi mitano mwaka huo wa 2017. Mjadala wa hadhara ulijaa hesabu za mishahara. Kwa mtazamo wa Siegrist, ahadi iliyowekwa na isiyotimizwa huchakaza kuliko ujira mdogo uliojulikana tangu mwanzo.

Tatu ni mwalimu, na hapa wengi wetu tunautazama mustakabali wetu. Chukulia mwalimu wa Kiswahili mwenye mikondo minne ya wanafunzi hamsini hamsini. Akiwapa insha moja, ana insha 200. Akitumia dakika kumi kwa kila insha, hizo ni dakika 2,000, yaani zaidi ya saa 33, kabla hajaandaa somo lolote. Akisahihisha kwa kuweka alama ya vyema bila kusoma, tumwite mzembe au tuifanye upya hesabu?

Mwisho ni mkulima. Hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizoanzishwa mwaka 1948, huchukua zaidi ya nusu ya eneo la kaunti, na ikolojia ya Tsavo ndiyo yenye ndovu wengi zaidi nchini Kenya. Mahindi yanapokaribia kukomaa, mkulima anayepakana na mbuga hulima mchana na kukesha usiku akilinda shamba. Hana mwajiri wa kumlalamikia, lakini mwili wake hautambui tofauti hiyo.

6. Methali na mzigo

Lugha yetu imebeba pande zote mbili za suala hili. "Punda afe mzigo ufike" humtukuza anayejimaliza. "Mvumilivu hula mbivu" huahidi malipo bila kutaja tarehe. "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi" hutukumbusha enzi za misafara, ambayo baadhi yake ilipitia Taveta katika karne ya kumi na tisa. Methali hiyo inaeleza pia desturi ya ofisi za leo: anayejulikana kwa bidii ndiye huongezewa kazi, na ndiye huchakaa kwanza. "Kamba hukatikia pabovu" nayo hutufanya tuchunguze ubovu wa kamba na kusahau kuuliza nani aliyepima mzigo.

Wadawida, yaani Wataita, wana urithi unaofaa kutafakariwa. Katika dini yao ya jadi palikuwa na tendo la kutasa: mtu alipiga funda la maji, maji ya miwa au pombe, akalipuliza kutoka kinywani huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuwatakia wenziwe heri. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliandika kitabu juu ya imani hiyo, kilichochapishwa mwaka 1978. Mafunzo yake ni kwamba kinyongo kinachofichwa hudhuru watu wengi, si mwenye nacho peke yake. Hivyo ni wajibu wa jamii kumpa mtu nafasi ya kukisema.

7. Njia za kukabiliana na hali hii

Mtu binafsi anaweza kujilinda kwa kiasi fulani: kulala vya kutosha, kufanya mazoezi, kutofanya pombe kuwa dawa ya usingizi, na kumweleza mtu anayemwamini yanayomsibu. Aidha, anapaswa kuzijua haki zake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi nchini Kenya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 yenye malipo kamili baada ya kila miezi kumi na miwili ya utumishi.

Hata hivyo, semina ya kupumua taratibu haiwezi kuzipunguza insha 200. Mfano wa suluhisho halisi unapatikana Sagalla, karibu na Voi. Huko, mradi wa shirika la Save the Elephants, kufuatia utafiti wa Lucy King, umeshirikiana na wakulima kuzungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Naye ndovu huwaogopa nyuki. Ua huo si kinga kamili, maana ukame huwapunguza nyuki. Lakini unapofanya kazi, humpunguzia mkulima zamu ya usiku na kumwongezea asali. Hakuna aliyemfundisha mkulima kukesha kwa furaha. Kazi yenyewe ilibadilishwa.

8. Hitimisho

Msongo wa kazi ni mbano wa muda. Uchakavu ni matokeo ya mbano usiokoma. Vyote viwili huanzia katika zamu, idadi ya watumishi, ujira, ahadi na uhuru wa kuamua, kabla ya kufika katika moyo wa mtu mmoja. Wengi wa wasomaji wa jarida hili watakuwa walimu, watangazaji, wafasiri na wasimamizi wa watu. Siku moja watamwona mtumishi hodari aliyepoa. Kabla ya kumwandikia neno "mvivu" katika ripoti, ni vyema wakauliza alibeba nini, kwa muda gani, na ni nani aliyekuwa akimpokea mzigo.