Imani Bila Mtu wa Kukuamsha

Nasoma ualimu wa hisabati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza 1961 na kuwa chuo kikuu kamili 1970. Nyumbani, mama ndiye aliyeniamsha kwa swala ya alfajiri. Hapa chuoni Mlimani hakuna wa kukugongea mlango. Ukiamka, umeamua mwenyewe. Ndipo nilipoanza kujifahamu.

Ninayeishi naye chumbani ni Mkristo. Yeye hunihoji kuhusu Ramadhani, mimi humhoji kuhusu Kwaresima. Kumjibu kumenilazimu nisome dini yangu kwa undani kuliko nilivyoisoma madrasa.

Si imani tu inayopimwa hapa; malengo ya maisha nayo hupimwa na mfuko. Boom ikiingia, yaani fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, natenga ya chakula, ya kutoa kopi, na kidogo kwa mdogo wangu.

Kwenye mazoezi ya kufundisha, binti wa kidato cha pili alishika chaki mkono ukitetemeka, akakokotoa sehemu ubaoni mpaka jibu likapatikana. Nikajua nataka kufundisha shule ya kata, na kwangu hiyo pia ni ibada.

Mwanafunzi mwenzangu, usingoje joho la mahafali ndipo ujiulize unaishi kwa ajili ya nini. Jiulize muhula huu.