Perege Mama wa Kiganja Kimoja

Hadithi, hadithi! Mmeitikia vizuri, wajukuu zangu, ila leo ule uongo mnaoualika kila siku tuuache nje ya boma. Utamu peke yake ndio uingie, maana kisa cha leo ni cha kweli na ushahidi wake umo kwenye sahani hii.

Jana mmoja wenu nilimtuma samaki mnadani. Akarudi na perege watano wa Ziwa Basotu, kila mmoja anaenea kwenye kiganja. Dada yake akamcheka: "Umeuziwa watoto!" Wakazozana mpaka nikachukua kisu, nikampasua mmoja tumbo. Mlikuwa na mayai ya manjano, madogo kuliko punje za mtama, yamesongamana. Mtoto gani ana mayai? Wote wawili wakanyamaza.

Sisi wafugaji tumezoea ng'ombe. Ndama ukimwona unajua ni ndama, na mtamba akishakomaa haongezeki tena kimo. Perege hana mpaka huo. Maji yakimruhusu, anaendelea kurefuka maisha yake yote, ingawa uzeeni huongezeka kidogo kidogo tu. Maji yakimbana, chakula chake hakiendi tena kwenye mwili, kinakwenda kwenye mayai. Anazaa akingali mdogo, na udogo huo ndio unakuwa kimo chake. Wavuvi na wafugaji wa samaki husema amedumaa.

Miongoni mwa waliolichunguza jambo hili kwa makini katika maziwa yetu alikuwemo mwanamke, Rosemary Lowe kutoka Uingereza. Kuanzia mwaka 1948 alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa samaki cha Jinja, Uganda, akizunguka kwenye maziwa kupima perege na kuwapasua kama nilivyofanya mimi jana. Mwaka 1953 akaolewa, na taratibu za enzi hizo zikamtaka aache ajira. Upuuzi mtupu, lakini hakuacha samaki. Alikuja kuwa bingwa wao duniani kwa jina la Lowe-McConnell.

Katika takwimu zake kuna sato, perege yule yule mnayemsikia Mwanza. Kwenye Ziwa Turkana, Kenya, sato alianza kuzaa akiwa na urefu wa sentimita 39 hivi. Kwenye wangwa wa Buhuku, kando ya Ziwa Albert, alianza kuzaa akiwa na sentimita 10. Ni aina moja ya samaki! Wa Turkana walifika sentimita 60 na zaidi, wa Buhuku wakubwa kabisa hawakupita sana 17.

Nipeni rula. Huyu wetu, kuanzia mdomo mpaka ncha ya mkia, ana sentimita 10. Uzito wake unakaribia gramu 20. Sasa niambieni, wa sentimita 20 ana gramu ngapi? Umesema 40? Hapana. Samaki akirefuka mara mbili, hunenepa mara mbili na kimo cha mgongo nacho huongezeka mara mbili. Mbili mara mbili mara mbili ni nane, kwa hiyo ni kama gramu 160. Wa sentimita 40 anapita kilo moja. Ndiyo maana muuzaji anayepanga bei kwa kukadiria urefu kwa macho tu humwonea mtu kila siku, ama mteja, ama yeye mwenyewe.

Na mwili wote huo anaujenga kwa majani! Chakula kikuu cha perege wengi ni mwani, ule ukijani unaofanya maji yaonekane kama yametiwa rangi, na wengine hutafuna hata magugu ya majini. Majani ni chakula kigumu, ng'ombe anajua. Ng'ombe ana matumbo manne na muda wa kucheua. Perege hacheui. Ana utumbo mwembamba uliojizungusha kama kamba. Mkiunyoosha, unampita yeye mwenyewe urefu mara kadhaa. Tena tumboni ana tindikali kali ajabu, inayopasua maganda ya mwani.

Hapa pananifurahisha. Watafiti wa Ziwa George, Uganda, waligundua kwamba usiku sato hali, na tindikali yake hupungua. Asubuhi anaanza kula kabla haijakolea, kwa hiyo matonge ya kwanza hupita yakatoka kijani vile vile yalivyoingia. Kadiri jua linavyopanda, tumbo linachachamaa na chakula kinasagika. Nanyi mnaokwenda shule bila uji, msiseme mmejifunza kwa sato.

Jike ana mzigo mwingine. Mayai yakisharutubishwa huyakusanya mdomoni, na huko huko vifaranga huanguliwa. Siku kumi, hata wiki mbili, mdomo umekuwa kitanda, atakula vipi? Ndipo dume humwacha nyuma kwa kimo, na ndiyo sababu wenye mabwawa wengi hupenda kufuga madume matupu. Madume na majike wakichanganyika bwawani huzaana bila kikomo, na baada ya miezi bwawa lina samaki mia tano wa kiganja badala ya mia wa sahani.

Mkija kuchimba bwawa hapa kwetu Nangwa, kumbukeni na baridi. Perege hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi joto 26 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, hula kidogo na karibu asimame kukua. Upepo wa Juni unaoshuka mlima Hanang mnaufahamu. Bwawa la hapa haliwezi kushindana na la pwani, na anayewaahidi kilo moja kwa miezi sita mwulizeni amewahi kulala Nangwa mwezi wa saba.

Haya, wengine wanne waliobaki wapelekeni jikoni. Mnada ujao atakayenunua perege aje na rula, na asipasue tumbo kabla sijafika.